Kliniki ya Kikundi kwa Wenye Hemofilia: Mwongozo kwa Familia na Wahudumu wa Bonde la Lambwe

Kliniki ya kikundi ni miadi ya hospitali ambapo wagonjwa kadhaa wenye ugonjwa mmoja huitwa siku moja, saa moja, na kuhudumiwa kwa pamoja na daktari na wauguzi wale wale. Si semina wala mkutano wa hamasa. Kila mmoja hupimwa uzito, hukaguliwa viungo, huandikiwa dawa na kujaziwa faili lake, sawa na siku nyingine yoyote ya kliniki. Kinachobadilika ni kwamba maelezo ambayo daktari angeyarudia mara kumi kwa haraka huyatoa mara moja kwa utulivu, na swali la mmoja hujibiwa wote wakisikia. Kikao kwa kawaida huchukua dakika 90 hadi saa mbili, na wagonjwa huwa kati ya wanane na kumi na watano. Utaratibu huu ulienea Marekani katika miaka ya 1990, hasa kwa wazee, wajawazito na wenye kisukari, kisha ukafika kwenye maradhi mengine ya kudumu. Hemofilia ni mojawapo ya maradhi unayoyafaa zaidi, na pia mojawapo ya yale ambayo hauwezi kuanzishwa bila kufanyiwa marekebisho.

Hemofilia ni upungufu wa kurithi wa protini inayosaidia damu kuganda, iitwayo fakta. Aliyepungukiwa na fakta ya 8 ana hemofilia A, na aliyepungukiwa na fakta ya 9 ana hemofilia B. Mvulana 1 kati ya takriban 5,000 huzaliwa na hemofilia A. B ni adimu zaidi, 1 kati ya 30,000 hivi. Mwenye kiwango kilicho chini ya asilimia 1 ya kawaida huhesabiwa kuwa na hali kali, na damu inaweza kuvuja ndani ya goti, kiwiko au kifundo cha mguu bila yeye kuumia popote. Kati ya asilimia 1 na 5 hali ni ya wastani. Zaidi ya hapo, hadi 40, ni hafifu, na wengi wa kundi hili hugundulika ukubwani, siku wanapong'olewa jino na damu ikakataa kukoma. Mgonjwa havuji damu kwa kasi kuliko watu wengine. Huvuja kwa muda mrefu zaidi. Mkwaruzo wa ngozi si hatari yake kubwa ya kila siku. Hatari ni damu inayokusanyika ndani ya kiungo, ambayo ikirudia mara kwa mara hula gegedu mpaka kijana wa miaka ishirini anatembea kama mzee wa sabini.

Hesabu ya watu ndiyo inayoamua namna kikundi kitakavyoundwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,131,950 katika Kaunti ya Homa Bay na 1,116,436 katika Kaunti ya Migori. Wanaume ni karibu nusu yao. Kwa kipimo cha mmoja kwa kila 5,000, kaunti hizi mbili zingetarajiwa kuwa na zaidi ya watu 200 wenye hemofilia A peke yake, kama wote wangeishi umri wa kawaida. Hawaishi wote. Wengine hufariki utotoni bila ugonjwa kujulikana, na wengine wanachechemea vijijini wakiambiwa wana baridi yabisi. Bonde la Lambwe lenyewe, kati ya vilima vya Gwassi na mteremko wa Kanyamwa, likiwa na Mbuga ya Taifa ya Ruma katikati, haliwezi kutoa zaidi ya wagonjwa wachache. Wenye shinikizo la damu wanaweza kuunda kikundi cha kijiji kimoja. Wenye hemofilia hawawezi. Kikundi cha Lambwe ni lazima kikusanye watu wa Mbita, Sindo, Magunga na Ndhiwa, na pengine wa Rongo, Awendo na Nyatike pia. Hivyo umbali na nauli ni mambo ya kwanza ya kupangwa, kabla hata ya mada za mazungumzo.

Magharibi mwa Kenya si mgeni wa tiba ya vikundi. Mwaka 2001, hospitali ya Homa Bay ilikuwa miongoni mwa hospitali za kwanza za umma nchini kutoa dawa za ARV bila malipo, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka. Katika miaka iliyofuata, vikundi vya wanaoishi na VVU vilizoeleka kando ya ziwa: watu huchukuliana dawa, hukumbushana tarehe na humfuata aliyekosa kliniki. Kwa shinikizo la damu na kisukari kuna ushahidi uliopimwa. Utafiti uliofanywa na AMPATH, ushirika wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret na vyuo vikuu, ulihusisha karibu watu 2,900, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, waliopata huduma ya kawaida walishuka shinikizo la juu kwa wastani wa milimita 11.4, na waliounganishiwa kliniki ya kikundi na vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha walishuka kwa milimita 16.4. Tofauti hiyo si kubwa ya kustaajabisha, lakini ilipatikana vijijini, kwa wahudumu wa kawaida, na inadokeza jambo ambalo familia za Lambwe hazihitaji kufundishwa: ushauri wa afya hufuatwa vizuri zaidi na mtu mwenye pesa kidogo mfukoni.

Mahali pa kukutania panapofaa zaidi ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kaunti ya Homa Bay, kwa kuwa kuna maabara, friji ya uhakika na wataalamu zaidi ya mmoja. Kwa wanaotoka Nyatike au Kuria, hospitali ya rufaa ya Migori iko karibu zaidi, na si vibaya kikao kimoja kati ya vitatu kikahamia huko. Zahanati za bondeni hazitoshi kwa kikao chenyewe, ingawa ndizo zenye kazi ya kumtambua mgonjwa na kumwandikia rufaa. Kipimo cha kiwango cha fakta, ambacho bila hicho hakuna anayeweza kusema kwa hakika huyu ana A au B, hufanywa katika vituo vikubwa kama Hospitali ya Moi ya Eldoret na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Safari hiyo kila familia huifanya mara moja mwanzoni, na inafaa ifanywe mapema.

Vikao vitatu kwa mwaka vinatosha kuanzia, vikiwekwa katika likizo za shule: Aprili, Agosti na Desemba. Mtoto mwenye hemofilia amekwisha kupoteza siku nyingi za masomo kwa kulala na goti lililovimba. Kliniki isimwongezee nyingine. Aprili ina faida yake, maana tarehe 17 ya mwezi huo ni Siku ya Hemofilia Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1989, na hospitali huwa tayari kulizungumzia jambo hili. Ina tatizo lake pia. Ni msimu wa masika, na udongo mweusi wa mfinyanzi wa bonde la Lambwe ukilowa hunasa pikipiki na matatu vilevile. Familia za bondeni zipewe nafasi ya kufika siku inayofuata bila kukemewa, na muuguzi awapigie simu wale ambao barabara imewakatalia kabisa. Katikati ya vikao, simu moja kila mwezi kwa kila familia inaweza kuuliza mambo mawili: kiungo gani kimevuja, na dawa imebaki kiasi gani.

Kikao chenyewe huanza kwa vipimo. Wagonjwa wanapofika, muuguzi anapima uzito, urefu na shinikizo la damu, naye mtaalamu wa fiziotherapia anakagua magoti, viwiko na vifundo vya miguu: vinakunjuka kiasi gani, vimevimba, misuli ya paja moja imekonda kuliko ya pili? Hospitali ikiweza kumtoa mtu mmoja tu zaidi ya muuguzi na daktari, basi awe huyu. Mabango ya ukutani yanaweza kumwambia mgonjwa ale nini, lakini hayawezi kushika goti lake na kusema kama damu ya wiki iliyopita imekwisha. Daktari au afisa tabibu humwona kila mmoja kwa dakika chache, nyuma ya pazia au kwenye chumba cha pembeni, huku wengine wakiendelea na mazungumzo. Damu hutolewa siku hiyo hiyo kwa wanaostahili kupimwa vizuizi, yaani kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa hutengeneza dhidi ya fakta anayochomwa kama dawa. Hutokea kwa takriban theluthi moja ya wenye hemofilia A kali na huifanya dawa isifanye kazi. Baada ya hapo wote huketi duara kwa mada ya siku, Kidholuo na Kiswahili vikichanganywa kadiri ya waliopo.

Mada ya kwanza, na iliyojaa makosa mengi kuliko zote, ni mazoezi. Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa kumkalisha mtoto. Asikimbie, asipande mti, asicheze na wenzake. Matokeo yake ni misuli myembamba isiyoweza kukishika kiungo, na kiungo kisichoshikwa huvuja zaidi. Mwongozo wa Shirikisho la Hemofilia Duniani, toleo la tatu la mwaka 2020, unahimiza mazoezi ya kujenga misuli, mizani ya mwili na mifupa kwa kila mgonjwa, yakipangwa kulingana na hali ya viungo vyake na dawa aliyo nayo. Mengi hayahitaji kifaa. Mgonjwa hukaa kitini, hunyoosha mguu mmoja mpaka goti linyooke, huushika hewani huku akihesabu polepole hadi kumi, kisha huushusha taratibu. Husimama kwa mguu mmoja akishika kiti. Hutembea kila siku. Mazoezi haya hufanywa mle mle kwenye duara, kila mtu na mguu wake, na hapo faida ya kikundi huonekana waziwazi: mvulana wa miaka tisa ambaye mama yake humkataza hata kuruka kamba anamwona kijana wa ishirini na mbili mwenye ugonjwa ule ule akikunja goti lake vizuri. Mama naye anaona.

Vitabu vingi vya tiba vinasifu kuogelea kuliko mchezo mwingine wowote, kwa kuwa maji hubeba uzito na viungo havigongwi. Ushauri huo uliandikiwa watu wenye bwawa safi. Mwambao wa Ziwa Victoria kuanzia Mbita hadi Sindo na Karungu una kichocho kingi, hasa kile cha matumbo, ambacho kikiachwa kwa miaka huharibu ini na kusababisha mishipa ya koo la chakula kupasuka na kutoa damu. Kwa mtu ambaye damu yake haigandi, hilo ni balaa juu ya balaa. Anayeishi ufukweni na hawezi kuyakwepa maji ya ziwa anywe dawa ya kichocho kila inapogawiwa, na zoezi lake liwe kutembea, au baiskeli akiwa na kofia ngumu. Mpira wa miguu hauna jibu moja. Mwenye hali hafifu anaweza kucheza. Mwenye hali kali asiye na dawa ya kinga, yaani ya kuzuia damu kuvuja, asiingie kwenye mechi ya kugongana, bali anaweza kupiga pasi na ndugu zake uwanjani nyumbani. Masumbwi na raga havimfai yeyote kati yao.

Dawa na zoezi hupangwa pamoja. Fakta ya 8 ya kawaida hupungua nusu kila baada ya saa 12 hivi, kwa hiyo anayechomwa sindano ya kinga afanye kazi nzito au mchezo siku ile ile ya sindano, si siku mbili baadaye. Dawa ya emicizumab, inayochomwa chini ya ngozi kila wiki, kila wiki mbili au kila wiki nne, imewabadilishia maisha wengi wenye hemofilia A kwa kuwa kinga yake haipandi na kushuka kwa kasi hiyo. Sehemu kubwa ya dawa za hemofilia zinazotumika Kenya hutokana na mpango wa msaada wa Shirikisho la Hemofilia Duniani, na shehena huweza kuchelewa. Mhudumu anayewahimiza watu wafanye mazoezi awaambie pia, kikao hicho hicho, friji ya hospitali ina nini. Akinyamaza, ushauri wake utakuwa nusu ya kazi.

Uzito wa mwili una hesabu yake ya moja kwa moja katika ugonjwa huu. Yuniti moja ya fakta ya 8 kwa kila kilo hupandisha kiwango kwa takriban asilimia 2. Anayehitaji kupandishwa asilimia 40 huchomwa yuniti 20 kwa kilo: mwenye kilo 60 atahitaji yuniti 1,200, na mwenye kilo 90 atahitaji 1,800 kwa jeraha lile lile. Kilo thelathini za ziada humaliza chupa ambazo zingemtibu mgonjwa mwingine, huku zikikandamiza magoti yaliyokwisha kuharibika. Mizani ya mlangoni kwa hiyo si ya kumwaibisha mtu, na uzito wa mtu usitangazwe kwa sauti.

Kuhusu chakula, jambo la kwanza la kuelezwa ni kwamba hakuna chakula kinachoongeza fakta. Si bitiruti, si maji ya miti shamba, si vidonge vya vitamini K. Vitamini hiyo husaidia mwili kutengeneza vigandishi ambavyo tayari una uwezo wa kuvitengeneza, na mwenye hemofilia hana uwezo huo kwa fakta moja. Chakula kina kazi nyingine. Anayevuja damu mara kwa mara hupungukiwa madini ya chuma, na vyakula vya bondeni vinatosha kuyarudisha: omena, maharagwe, maini, mboga za osuga na akeyo. Omena wakiliwa na mifupa yao hutoa pia kalisi, ambayo mifupa ya mtu asiyetembea sana huihitaji. Vinavyofaa kupunguzwa vinajulikana na kila mtu: sukari kwenye chai, mandazi, chipsi za stendi. Pombe inahitaji ukali zaidi, hasa chang'aa, kwa sababu ini ndilo linalotengeneza vigandishi vingi vya damu, na kwa sababu mlevi huanguka.

Duka la dawa ni mahali pa hatari kuliko uwanja wa mpira. Mtu anayeumwa goti hununua aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, zote zikizidi kuidhoofisha damu kuganda, au huchomwa sindano ya diklofenaki kwenye tako, na msuli hujaa damu. Parasetamoli ndiyo ya maumivu. Sindano za msuli ziepukwe, na chanjo zichomwe kwa sindano nyembamba, pakibanwa kwa dakika zisizopungua tano hadi kumi. Kila mgonjwa atembee na kadi inayoeleza aina ya hemofilia aliyo nayo, kiwango chake, na maneno yaliyoandikwa wazi: asipewe aspirini, asichomwe sindano ya msuli. Kadi hizo ziandikwe siku ya kwanza ya kikundi na zisainiwe na daktari, maana muuza dawa wa Sori au Magunga atamsikiliza daktari kuliko mama wa mgonjwa.

Kinywa kinastahili nafasi yake. Zamani vijana wa Kijaluo walikuwa wakitolewa meno sita ya chini, na wazee wengine bado wana pengo hilo. Kwa mtoto mwenye hemofilia kali desturi hiyo ingekuwa hukumu ya kifo. Leo jino hung'olewa kwa sababu limeoza, na hatari ni ile ile. Mswaki laini mara mbili kwa siku, na kumwona daktari wa meno kabla jino halijauma, vinaokoa fakta nyingi. Damu ya fizi hudhibitiwa vizuri na asidi ya traneksamiki, kidonge kisicho ghali, ila asipewe anayekojoa damu, kwa kuwa mabonge yanaweza kuziba njia ya mkojo.

Tohara ni jambo jipya zaidi. Wajaluo hawakuwa wakitahiri, lakini tangu Kenya ilipoanzisha mpango wa tohara ya hiari ya hospitali mwaka 2008 ili kupunguza maambukizi ya VVU, maelfu ya wavulana wa Nyanza wamepita huko, na Wakuria wa Migori wana jando lao tangu zamani. Familia yenye historia ya kuvuja damu ni lazima imtaje kila ndugu aliyevuja damu isivyo kawaida kabla mvulana hajapanda kitandani. Mwenye hemofilia anaweza kutahiriwa, lakini katika hospitali yenye fakta, baada ya mpango wa siku kadhaa, na kamwe si katika hema la kampeni wala jandoni.

Huduma ya kwanza ya kiungo kinachovuja hufundishwa kwa vitendo: kupumzisha, barafu kwa dakika 15 hadi 20 ikiwa imefungwa kwa kitambaa, kufunga bandeji ya kubana, na kuinua mguu juu ya kiwango cha moyo. Barafu ya kugandishia samaki kwenye fukwe za ziwa inafaa kabisa. Hivi vyote hutangulia fakta. Haviichukui nafasi yake. Mgonjwa mwenyewe huhisi mwasho au joto ndani ya kiungo kabla uvimbe haujaonekana, na mtoto anapolalamika hivyo aaminiwe pale pale.

Katika duara kutakuwa na akina mama wanaobeba lawama. Jeni ya hemofilia hukaa kwenye kromosomu X, kwa hiyo mama mwenye kuibeba huweza kumpa mtoto wa kiume kwa uwezekano wa nusu kila mimba, naye binti huweza kuirithi na kuibeba kwa uwezekano huo huo. Baba mwenye hemofilia hawapi wanawe wa kiume kamwe, bali mabinti zake wote huibeba. Takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote katika ukoo. Badiliko limeanza kwao au kwa mama zao. Haya yaelezwe akina baba wakiwepo, na si vibaya mwaliko wa kikao uandikwe kwa jina la baba. Nyumba ambayo imewahi kuzika wavulana wawili huambiwa ina chira, laana ya mwiko uliovunjwa, na mama hutafutiwa kosa. Mchoro mmoja wa ukoo ubaoni hufanya kazi kuliko hotuba ndefu ya kukanusha. Akina mama wenyewe nao wapimwe, kwani baadhi ya wanaobeba jeni hiyo wana fakta ya chini na hutokwa na damu nyingi ya hedhi au wakati wa kujifungua.

Siri ndiyo sehemu ya kikundi iliyo rahisi kuvunjika. Baadhi ya wagonjwa wakubwa walipewa damu au plazma miaka ambayo uchunguzi wa damu haukuwa imara, na majibu yao ya VVU au homa ya ini hayana nafasi kwenye duara. Husemwa kwenye chumba cha pembeni tu. Vijana wa miaka kumi na mitano na kuendelea watengewe nusu saa yao bila wazazi, kwa ajili ya maswali ya mapenzi, kazi na pikipiki. Swali la kazi ni zito huku: kukata miwa Awendo na Ndhiwa, kuchimba dhahabu Macalder, kuendesha bodaboda na kuvuta nyavu ndizo kazi za karibu, na zote huumiza viungo. Kijana mwenye hali kali aanze mapema kuelekezwa kwenye ushonaji, ukarabati wa simu, duka au ualimu, na karo yake ihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu.

Nauli ikikosekana kikundi hufa. Wanachama wanaweza kuanzisha chama cha kuchangia kiasi kidogo kila kikao, fedha zikiwa za nauli ya dharura kwanza na mikopo baadaye, mweka hazina akiwa mzazi na si mhudumu wa hospitali. Kila familia isajiliwe kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na karani wa hospitali akaribishwe kwenye kikao cha kwanza ili usajili umalizwe papo hapo. Wahudumu wa afya ya jamii wa vijijini nao waalikwe. Wao ndio watakaowaona watoto wengine wanaochechemea.

Mafanikio yapimwe kwa daftari la kila mgonjwa: tarehe aliyovuja, kiungo, dawa aliyochomwa, siku za shule au kazi alizokosa. Baada ya mwaka, kama siku za shule zilizopotea hazijapungua na magoti hayajakunjuka zaidi, kikundi kimekuwa baraza la mazungumzo na kinahitaji kupangwa upya, pengine kwa kuongeza fiziotherapia na kupunguza mihadhara.

Dharura haisubiri kikao. Aliyegongwa kichwa, anayevimba shingo au koo, anayeumwa tumbo ghafla au aliyeanguka kutoka juu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anaonekana mzima, na achomwe fakta kwanza, picha za uchunguzi zikifuata. Namba ya simu ya hospitali inayoitunza dawa iandikwe nyuma ya kadi ya mgonjwa na kwenye simu ya mwalimu mkuu wake.

Hospitali isisubiri kupata wagonjwa kumi na watano. Familia nne zenye watoto waliokwisha kupimwa, muuguzi mmoja na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia wanatosha kuanza likizo ijayo. Familia ya Lambwe yenye mvulana anayevimba magoti bila sababu na iende Homa Bay ikaombe kipimo cha kuganda kwa damu, kisha iulize kliniki ijayo ni lini na ni nani mwingine ameandikishwa.